Nguzo, Aliyewainua Wenzake

Wafiwa, majirani na wageni wetu, haya yameandikwa na bibi aliyemlea marehemu, na baba yake mdogo aliyepewa kuyasoma ameonywa asiongeze chumvi, asiruke mstari, wala asilie katikati.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Nguzo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1993, mama yake akafariki mwaka uleule, naye akabaki kwa bibi, mtoto mzito, mlaji, asiyelia bila sababu.

Alianza shule ya msingi Januari 2000 na sekondari mwaka 2007, na darasani hakung'ara, tusidanganyane mbele ya jeneza, ila mwaka 2009 gari la mwalimu mkuu lilikwama kwenye tope pale getini, wavulana wakasukuma wakachoka, yeye akaweka bega peke yake likatoka, na mwalimu wa michezo, aliyekuwa akitazama, akamkabidhi mpira wa raga siku hiyohiyo.

Februari 2012 aliajiriwa katika kiwanda cha mikate, upande wa unga, akibeba peke yake magunia ambayo wanaume waliyashika wawiliwawili, na tarehe 14 Juni 2014 akaitwa timu ya taifa, jezi namba tatu, mstari wa mbele, kule wanakosukumana kwa mabega. Mechi ya kwanza ugenini walifungwa sitini na tatu kwa sifuri, bibi akauliza kwani kushindwa kwa hapa nyumbani kumekwisha mpaka watu wapande ndege kufuata kwingine, naye akacheka akashika mbavu. Miaka minne baadaye wakaifunga timu ileile, bibi akapiga kigelegele, jambo ambalo si la kawaida kwake. Alicheza katika nchi kumi na moja, na kila mpira uliporushwa kutoka nje ya mstari, yeye ndiye aliyemshika mwenzake mapajani akampandisha hewani audake, kisha akamshusha mpaka nyayo ziguse nyasi, maana katika mchezo wao uliyempandisha humwachii juu. Yeye mwenyewe hakupandishwa hata siku moja, wenzake wakimtania kwamba hiyo ni kazi ya winchi.

Alifunga ndoa tarehe 5 Desemba 2015 na fundi cherehani, mwembamba kama sindano yake, majirani wakasema akikumbatiwa vibaya tutamzika wiki hiyohiyo, wakajaliwa binti tarehe 20 Agosti 2017, na leo sindano ndiyo iliyobaki, nguzo imelala.

Kuhusu ugonjwa hakuna la kusoma, kwa sababu hakuugua. Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, alishuka kwenye ndege kutoka mechini, akapitia kwa bibi, akapandisha mtungi wa gesi mpaka ghorofa ya tatu, akauliza kama chai ipo, akakaa kwenye stuli avue viatu, akavua kimoja. Bibi alipogeuka na kikombe alimkemea aache mzaha, akamkemea tena. Kiatu cha pili alivuliwa hospitalini. Daktari ameeleza kwamba damu iliganda mguuni kwa kukaa safari ndefu, ikapanda mapafuni, na bibi ameelewa kila neno, haamini hata moja.

Jana wachezaji wenzake waliomba kulibeba jeneza, na baba mdogo huyuhuyu anayesoma akakataa, akasema wanawake watamwangusha, familia ichekwe. Bibi aliingia ndani akaandika, na karatasi hii hakumpa mpaka asubuhi hii, kwa hiyo jibu alisome kwa mdomo wake mwenyewe: watambeba wao.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani waliotupikia bila kuulizwa, wenzake wa kiwandani, na kocha, ambaye tangu Jumanne hajapata usingizi, ingawa hana kosa lolote.

Sasa simameni, mabinti. Kwa miaka kumi na moja amewainua ninyi, leo ndiyo mara ya kwanza yeye kuinuliwa. Mkishampandisha msimwachie juu, mshusheni polepole mpaka chini, kama alivyokuwa akiwashusha.

Nguzo, mjukuu wangu, legeza mabega upumzike, wenzako wamekushika.