Kula Mia Mbili na Kumi na Nne

Benchi letu liko nje ya kibanda cha Fadumo, nyuma kidogo ya msikiti, hapa Bungoma mjini. Ni ubao mmoja mrefu uliowekwa juu ya madebe mawili ya rangi, na Fadumo huanza kumimina kahawa ya tangawizi saa kumi alasiri. Naim, fundi wa viatu, tunamwita VAR kwa sababu kila ubishi lazima aurudishe nyuma auangalie upya. Daud, fundi wa baiskeli, ni Injinia. Mzee Wamalwa ana shamba la ndizi kule Matulo, na tukimwita Mkungu anafurahi. Mimi ni Sumeya. Nina miaka kumi na saba, na tangu nilipoacha shule nikiwa Kidato cha Pili, nasuka vikapu vya mkonge nikiwa nimekaa kwenye kigoda kando ya jiko. Jumatatu hiyo hakuna aliyezungumzia mpira. Karatasi ya matokeo ya maonyesho ya Jumamosi, yaliyofanyika kanisani Matulo, ilikuwa imefika, na gari la Kitale la kumchukua mshindi lilikuwa njiani.

Naim aliisoma kwa mara ya nne.

— Meza ya kwanza, maua, kula moja. Meza ya pili, malenge, kula sufuri. Meza ya tatu, kula mia mbili na kumi na nne. Meza ya nne, pilipili, kula sita. Meza ya tano, vyungu, kula thelathini na moja. Mshindi, meza ya tatu.

— Ukisoma mara ya tano itabadilika? Fadumo aliuliza.

— Si nimeshinda, bana! Mzee Wamalwa alisema. Ndizi imeshinda. Kesi imeisha.

— Hapa hakuna ndizi, mzee. Imeandikwa meza, Daud alisema.

— Meza ni ya kanisa. Unataka meza ya kanisa iende Kitale?

Shida ilikuwa hapo. Meza ya tatu ilikuwa yetu sote wawili, Mzee Wamalwa na mimi. Yeye alijiandikisha upande wa mazao, mimi upande wa kazi za mikono. Kikapu changu kilikuwa kikubwa, cha kukaa mtoto wa miaka mitatu, lakini kikiwa kitupu kilionekana kama kimesahauliwa na mtu. Ndizi zake zilikuwa nzuri, lakini zilikuwa zimewekwa juu ya gunia. Tukasaidiana: chane zake zikaingia kwenye kikapu changu, nyingine zikapangwa juu kama paa, na sote wawili tukapendeza.

Sasa kila kijiji kilikuwa na nafasi moja tu ya kwenda maonyesho makubwa ya Kitale. Mzee Wamalwa alitaka kwenda kwa sababu kabeji za jirani yake zimemshinda miaka mitatu mfululizo. Mimi nilitaka kwenda kwa sababu chuo kimoja cha ufundi huko kingechagua msusi mmoja wa vikapu na kumfundisha mwaka mzima bila karo. Nilitaka kitu hicho kuliko kitu kingine chochote, na nilikuwa sijamwambia mtu ila mama yangu na Fadumo.

— Ngoja, ngoja, Naim alisema. Turudi nyuma. Hii neno hapa. Ni kura ama ni kula?

— Ni kula, Mzee Wamalwa alijibu.

— Kula ya kupiga ama kula ya kula?

— Kula, Naim! Kula! Kwani wewe Kiswahili ulisomea wapi?

Kwetu huku watu wengi hubadilishana l na r, na kwa kawaida hakuna anayejali. Mtu akisema anaenda kupiga kula, tunajua haendi kupiga sahani. Lakini Jumamosi mambo yalikuwa tofauti. Waamuzi kutoka Kitale walikwama kwenye matope upande wa Tongaren, wakapiga simu kusema watu wachague wenyewe. Jairus, aliyeshika kipaza sauti, akapanda juu ya kiti na kutangaza: "Wananchi, pangeni raini kwa meza ile mnapenda! Kila mtu ana kula moja! Moja tu, msilundie!"

Nilikuwa pale. Watu walitazamana. Kisha wakatazama ndizi. Kisha wakapanga foleni kwa adabu kabisa, na aliyefika mezani akachukua ndizi moja, akasema asante, akaondoka akimenya. Jairus alisimama juu ya kiti chake akihesabu vichwa, akiwa amefurahi sana kwamba hakuna fujo.

— Mimi nilipanga hiyo laini, Daud alisema. Na nilikuwa nachagua.

— Ulikuwa unachagua nini? niliuliza.

— Nilikuwa nachagua ndizi.

— Kuipigia kura?

Daud alilamba midomo.

— Ilikuwa ndizi tamu, alisema.

Mzee Wamalwa akapiga goti lake.

— Mmesikia? Mtu akikula kitu yangu akasema ni tamu, amenichagua. Kuna kula gani ingine kubwa kuliko hiyo? Karatasi unaweza kuiba. Tumbo utaiba aje?

— Basi angalieni hizo meza zingine, Naim alisema. Malenge, sufuri. Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa mbichi! Nani atakula malenge mbichi? Pilipili, sita. Hao ni wale vijana wa bodaboda walikuwa wanashindana nani hatalia.

— Walilia wote, Fadumo alisema.

— Walilia, lakini walihesabiwa. Hii si kura. Hii ni kula kabisa, ya mdomo.

— Na vyungu? niliuliza haraka, kwa sababu nilianza kuogopa. Meza ya tano ilikuwa vyungu vya Nanyama. Vilipata thelathini na moja. Hakuna mtu anayekula chungu.

— Ndani ya hiyo chungu kulikuwa na mboga ya mrenda, Daud alisema.

— Na ugali kando, Naim aliongeza.

Nilikuwa nimesahau mrenda.

— Na maua? Maua yalipata moja! nilisema. Nani alikula maua?

Nilidhani nimeshinda. Kisha Fadumo akaweka birika chini taratibu.

— Mbuzi wa Cheptoo, yule jirani wa kanisa, alisema.

— Wacha!

— Nilimwona kwa macho yangu. Alikuja mpaka kwa meza, akasimama, akakula waridi moja. Jairus akaita, "Maua, moja!"

— Mbuzi imepiga kura? Daud aliuliza. Kwani ina kitambulisho?

— Haikupiga. Ilikula.

— Si ndio hiyo nasema! Mzee Wamalwa alipaza sauti. Kula ni kula!

Ilibidi tumpigie Jairus mwenyewe, aliyeiandika karatasi. Naim aliweka simu yake katikati ya benchi, sauti ikiwa wazi, na sote tukainama juu yake.

— Jairus, sasa? Ni Naim wa Bungoma. Hii karatasi yako umeandika meza ya tatu ilipata kula. Ulikuwa unamaanisha kula ama kura?

— Si nimeandika hapo? Kula!

— Kula ya chakula?

— Hapana, bana! Kula! Ya kuchagua!

— Kwa hiyo ni kura.

— Ndio, kula! Watu walikula vizuri sana, hakuna mtu aliiba.

— Walikula ama walipiga kura?

— Naim, mimi niko juu ya boda. Nimesema ni kula. Si kula, ni kula. Unasikia tofauti?

Simu ikakatika.

— Yeye anasikia tofauti, Daud alisema.

Nilichukua kipande cha mkaa, nikaandika kwenye ubao wa benchi. Sikusoma sana, lakini hesabu haijanitoka.

— Mzee Wamalwa, mkungu wako ulikuwa na chane ngapi?

— Kumi na mbili. Uriza mtu yeyote.

— Na kila chane ndizi ngapi?

— Kumi na sita, na hazipungui! Mimi sipandi ndizi za watoto.

— Kumi na mbili mara kumi na sita ni mia moja tisini na mbili. Lakini Jairus alihesabu watu mia mbili na kumi na nne. Toa, inabaki ishirini na mbili. Hao watu ishirini na wawili walifika mezani, hakuna ndizi. Lakini hawakuondoka, wakahesabiwa. Walikuwa wamesimama kwa ajili ya nini?

Benchi zima lilinigeukia. Mezani hapo kulikuwa kumebaki kitu kimoja tu.

— Kikapu, Fadumo alisema polepole.

— Aii! Hapana! Mzee Wamalwa aliruka. Hao walikuwa wanatafuta maganda. Ya ng'ombe.

— Watu ishirini na wawili wapange laini ya maganda? niliuliza.

— Ng'ombe zinapenda!

— Mimi naona hivi, Naim alisema. Ni watu walirudi mara mbili. Walikula, wakazunguka nyuma ya kanisa, wakabadilisha kofia.

— Hapana, Daud alisema, na akasogea mbele mpaka ubao ukainuka upande wa pili. Ishirini na mbili ni nini? Kumi na moja na kumi na moja. Hiyo ni timu mbili! Kulikuwa na mechi uwanja wa pili. Wachezaji waliona laini, wakafikiri ni ya kuandikisha majina.

— Na refa? Fadumo aliuliza.

— Refa ni wale wa pilipili. Si ulisema walilia?

— Daud, wale walikuwa sita.

— Refa mmoja, wasaidizi watano. Ni mechi kubwa.

— Ama, Naim alisema, akishusha sauti na kuangalia kushoto na kulia, ni wale waamuzi. Nani aliona gari ikikwama Tongaren? Hakuna. Hao walikuja wamevaa kawaida, wakapanga laini na sisi, wakaangalia kila kitu. Ndiyo maana hawakula.

— Waamuzi ishirini na wawili? Kwa gari moja? Daud aliuliza.

— Ndiyo maana ilikwama!

Nilicheka, ingawa sikutaka. Fadumo alimimina kahawa ya mwisho katika kikombe cha Mzee Wamalwa, na hapo gari likasimama. Lilikuwa pikapu yenye turubai. Mwanamke wa makamo alishuka akiwa na faili mkononi, viatu vyake vimejaa matope makavu mpaka juu ya kifundo.

— Hamjambo? Mimi ni Mary Ann, karani wa maonyesho, natoka Kitale. Nimeambiwa mshindi wa Matulo nitampata hapa.

— Ni mimi! Mzee Wamalwa alisimama.

— Ni mimi, nilisema, na sauti yangu ikatoka ndogo.

Mary Ann alitutazama, kisha akaichukua karatasi mkononi mwa Naim. Aliisoma akiwa amesimama juani. Alirudia kwa kidole.

— Kula mia mbili na kumi na nne, alisema. Sawa. Hawa watu mia mbili na kumi na nne walikuwa wanataka nini?

Naim alirudisha simu yake mfukoni. Daud aliangalia viatu vyake. Hata Mzee Wamalwa, ambaye ana jibu la kila kitu, alikuna kidevu na kuangalia upande wa msikiti kana kwamba ameitwa huko.

— Hakuna anayejua? Mary Ann aliuliza. Na nyinyi mlikuwa huko?

— Tulikuwa laini moja, Daud alisema.

— Basi nionyesheni kilichokuwa mezani.

Nilikitoa kikapu nyuma ya jiko. Mary Ann alikigeuza juu chini. Aliingiza vidole ndani ya mshono wa kitako, akauvuta kwa nguvu, nami nikajikaza nisimwambie asivute. Mshono haukusogea.

— Nani amekufundisha kufunga kitako hivi?

— Hakuna. Niliona kikilegea, nikarudia mara mbili.

— Hiyo ni ya kubebea tu! Mzee Wamalwa alisema. Ilikuwa inabeba ndizi yangu!

— Sawa, mzee. Iko wapi hiyo ndizi?

Mzee Wamalwa alimtazama Daud. Daud alimtazama Naim. Naim alipitisha kiganja mdomoni. Mimi pia niliangalia chini, kwa sababu Jumamosi ile, kabla foleni haijakuwa ndefu, nilichukua moja.

— Na mkungu wenyewe? Ule mti wa katikati? Mary Ann aliuliza.

— Ng'ombe, Mzee Wamalwa alisema kwa sauti ya chini.

Mary Ann hakumcheka. Alifungua faili, akaandika jina langu na namba ya simu ya mama. Fadumo alizungumza na mama kwa simu, kisha akatoka ndani na kitenge chake, akafunga kibanda, na kusema hawezi kuniacha niende peke yangu, Kitale kuna baridi. Tulipanda nyuma ya kiti cha Mary Ann, kikapu kikiwa magotini mwangu kwa sababu nilikataa kiwekwe chini ya turubai.

Mzee Wamalwa alikuja mpaka dirishani. Nilidhani amekuja kupinga.

— Wewe msichana, alisema. Ukifika huko, usikubali mtu aweke kitu ndani yake. Hata yai. Wacha waione yenyewe.

— Sawa, mzee.

— Na wakisema wewe ni nani, sema wewe ni wa meza ya tatu.

— Wakiniuliza nilishindaje, niseme nini?

Aliweka mkono wake juu ya mlango, na Mary Ann akawasha injini.

— Sema ukweli, alisema. Sema ulipata kula.