Papa Édouard na Chupa Isiyotimia Lita

Baada ya miaka ishirini na saba ya kazi, Papa Édouard Nzabandora, muuguzi wa dispensari ya Itebero, anastaafu tarehe 31 Desemba 1957. Ni mzaliwa wa Burungu, kwenye vilima vya Masisi, na mazoea ya baridi ya kwao hajayaacha: hata jua la huku kwetu Walikale liwake vipi, koti halivuliwi.

Alianza Masisi mwaka 1930 kwa kuosha vyombo vya dawa, akajifunza kufunga vidonda, akapata cheti chake, na mwaka 1944 akatumwa huku msituni. Kwake dawa ya maji haimiminwi kwa kukisia. Lita ni desilita kumi, desilita ni sentilita kumi, sentilita ni mililita kumi. Ukiruka ngazi moja, mgonjwa anakunywa dawa mara kumi ya ile anayostahili. Sisi wauguzi wapya alituimbisha hayo kila asubuhi kabla ya mlango kufunguliwa. Kwenye harusi ya mwenzetu Honoré alisimamisha ugawaji wa kasiksi, bia yetu ya ndizi, ili apime kwanza kibuyu. Alipotangaza kwamba ni lita tatu na desilita mbili, yaani sentilita mia tatu na ishirini, wageni walikuwa wamekauka koo. Hatujamsamehe bado.

Lakini tunalotaka hasa kulisema ni la mwaka 1951. Adelaïde, mke wa mkulima mmoja wa hapa, alifariki akimzaa binti, Constance, na mtoto akabaki mikononi mwa bibi yake, Mama Annonciata. Papa Édouard alimpa bibi maziwa ya unga na kikombe cha kupimia unga huo, akamweleza ni vikombe vingapi kwa lita moja ya maji yaliyochemka. Bibi alitii kila neno. Hata hivyo mtoto alihara, akakonda, akakosa hata nguvu ya kulia. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba mama yake anamwita.

Papa Édouard alikwenda kwao, akaomba aonyeshwe maziwa yanavyotengenezwa. Mama Annonciata akaleta chupa tupu ya bia, akaijaza maji hadi mdomoni. Huku kwetu kila mtu, kuanzia wauza mawese, huiita chupa hiyo lita.

"Hii njo litre, Papa. Tangu zamani njo litre yetu."

Papa akatoa jagi lake la kioo lenye alama, akalijaza lita kamili, akaanza kumimina chupani. Chupa ilijaa kwa sentilita sabini na mbili. Ishirini na nane zikabaki jagini. Kumbe unga wa lita nzima ulikuwa unakorogwa katika maji pungufu, na tumbo la kichanga halikuuweza uzito huo. Bibi alishika kichwa, akasema amemuua mjukuu kwa mikono yake mwenyewe. Papa hakumwachia mzigo huo.

"Kosa njo yangu, Mama. Nilikuambia litre, sikukuonyesha litre."

Alibaki pale akimnywesha mtoto mwenyewe, kijiko kwa kijiko, mpaka kuhara kukakoma. Kisha akakata mwanzi, akaupunguza kidogo kidogo huku akiupima kwa jagi, mpaka ukabeba desilita tano barabara: ukijazwa mara mbili, lita imetimia. Akachonga mingine, akaipeleka kila nyumba iliyopewa maziwa, hata vijiji vya mbali. Alituambia baadaye kwamba njia nzima aliogopa kukuta kaburi dogo. Tunamshukuru Mungu hakulikuta. Tangu hapo hakuna mama aliyetoka dispensari bila kumimina mwenyewe mbele ya muuguzi, na desturi hiyo tutaishika.

Asante sana, Papa Édouard. Kuondoka kwako kutatukosesha raha mwanzoni, maana tumezoea kukaripiwa. Nenda Burungu ukale maharagwe ya kwenu, unywe maziwa ya ng'ombe wa ndugu zako, ulale bila mtu kukubishia hodi. Maisha yako huko yawe mema na marefu. Mama Annonciata miguu yake haimfikishi tena hapa, ila ametuma neno la kukuaga, nasi tunaliandika kama lilivyokuja:

"Muambie Papa, Constance iko muzima. Iko na makelele sana, na hasikilizake muntu."