Dakika Nne Nje ya Kiti

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Huduma za Dharura, waheshimiwa wajumbe wa bodi, Daktari Mkuu, wakuu wa vituo vyote sita, wauguzi, madereva, ndugu wageni waalikwa, na zaidi ya wote mstaafu wetu, mama yetu, pamoja na mumewe na wanawe walioketi safu ya mbele: habari za mchana.

Nimepewa dakika kumi nimsifu mama huyu kwa niaba ya Kitengo cha Mifumo, ambacho mimi ni mkuu wake. Huenda mnajiuliza kwa nini nimechaguliwa mimi. Sikuchaguliwa, niliomba. Katika jalada la mama huyu, la miaka thelathini na mmoja kwenye meza ya simu za dharura, mna barua nyingi za pongezi na barua moja ya onyo, na hiyo ya onyo niliiandika mimi. Leo anaondoka nayo, na mimi sitaki aondoke nayo.

Kwa wageni wasiotufahamu, kazi yetu ni hii: mtu akianguka, akiungua au akishikwa na uchungu, simu yake inapokelewa katika chumba kimoja, na gari la wagonjwa linatoka katika kituo kimojawapo kati ya sita. Kwa miaka mingi chumba hicho kilikuwa na mama huyu, simu ya mezani, ramani ya ukutani iliyochakaa pembe, na swali moja. Alikuwa akimpigia dereva, akimweleza, kisha hakati simu mpaka amuulize, "Unapita njia gani?" Dereva akitaja njia, anakata. Akisema tu, "Sawa mama, nimekuelewa," anaulizwa upya. Ndiyo maana madereva mnamwita Mama Njia, na nasikia wake zenu wameliazima swali hilo.

Mwaka juzi tukaletwa sisi, tuuondoe ukale huo. Tulikuwa wahandisi kumi na mmoja, tumeajiriwa kujenga mfumo wa kompyuta wa kuwawezesha watu walio mbalimbali kuwasiliana na kufanya kazi pamoja, na wawili kati yetu walikuwa hawasalimiani. Hata hivyo kazi ilikwenda. Kila kituo kilipewa skrini yenye nakala yake ya orodha ya miito ya dharura, ili mtandao ukikatika kituo kisisimame, na mtandao ukirudi nakala zote sita zijilinganishe na kupatana zenyewe. Nakala zilipatana siku ya kwanza. Wale wahandisi wawili bado tunawasubiri.

Tulikaa nyuma ya mama huyu siku tatu na saa ya kupimia, tukagundua kwamba swali lake linakula sekunde nane. Tukaliondoa. Mahali pake tukaweka kitufe kilichoandikwa "Nimeona", na kituo chochote kikikibonyeza, wito unageuka kijani kwenye skrini zote. Nani angepinga kijani? Tukaondoa na simu ya mezani, asije akashawishika; simu za wananchi zikawa zinaingia kwenye kompyuta, ambayo haikuweza kupiga nje. Mama alituuliza jambo moja tu: "Sasa hapo nani anakwenda?" Nikamjibu kwamba mfumo utaonyesha. Nilimjibu kwa upole ule wa mtu asiyejua anachokisema.

Jumatatu ya pili, saa nne asubuhi, fundi mwashi alianguka kutoka ghorofa ya pili ya jengo alilokuwa akilijenga. Mguu ulivunjika vibaya, damu ikawa haikomi. Wenzake wakapiga simu, mama akauingiza wito kwenye mfumo, na ndani ya sekunde kumi na moja vituo vyote sita vikabonyeza "Nimeona". Ilikuwa kasi ambayo hatujaifikia tena. Wito ukawa kijani kila mahali, na kila kituo, kwa kuona kijani, kikajua kwamba kuna kituo kingine kinachokwenda. Ndugu wageni, je, kuna aliyezembea? Hakuna. Kila mtu alifanya kile tulichomfundisha, na hakuna gari lililowashwa.

Mama aliitazama skrini yake kwa dakika mbili. Kisha akainuka, akashuka ngazi, akavuka uwanja wa kuegesha magari mpaka kwenye kibanda cha mlinzi, akaazima simu, maana za mkononi haziruhusiwi kazini kwetu, akampigia dereva wa kituo cha tatu, yule mnayemwita Taratibu. Taratibu amenisimulia mazungumzo yenyewe.

"Uko wapi?"

"Nipo kituoni mama, nakunywa chai. Kuna mwenzangu amemfuata yule fundi."

"Mwenzako yupi?"

Taratibu anasema hapo kikombe alikiweka chini.

"Unapita njia gani?"

"Ya sokoni. Hapana, saa hizi pamejaa. Napita nyuma ya kiwanda."

Mama akakata simu, akamshukuru mlinzi, akarudi kukaa. Daktari Mkuu ataniunga mkono nikisema kwamba fundi yule angecheleweshwa kidogo tu zaidi, tusingekuwa na la kusimulia. Leo anatembea, anachechemea, na amerudi kazini, ingawa ngazi anazitazama kwanza.

Mimi haya sikuyajua. Nilisoma kumbukumbu za mfumo, na kumbukumbu zilionyesha kwamba katikati ya dharura opereta hakugusa kompyuta. Nikaandika: "Aliacha kiti chake kwa dakika nne bila ruhusa." Sikumuuliza, kwa sababu nilikuwa na ushahidi. Yeye akaisoma barua, akatia saini kwamba ameipokea, akaniuliza kama simu yake itarudishwa mezani.

Ilirudishwa baada ya wiki saba, Taratibu alipokuja ofisini kwangu na kunieleza yote kwa sauti ambayo sitaiiga mbele ya bodi. Siku hizi wito haugeuki kijani mpaka dereva mmoja ataje njia kwa mdomo wake. Wageni huja kujifunza namna tulivyobuni jambo hilo, na anayepigwa picha ni mimi. Lakini lile onyo nililiacha palepale. Nilijiambia nitalishughulikia, na kila lilipoingia kichwani nikakumbuka kwamba nina mkutano. Naona aibu kulisema, na ndivyo ilivyokuwa.

Wiki hii nikajaribu kulifuta. Haikuwezekana, kwa kuwa mfumo tuliujenga usifute kitu, na nakala ziko katika vituo sita. Kinachowezekana ni kuongeza sahihisho. Nimeliongeza asubuhi ya leo na kulituma kote: opereta hakukosea, aliyekosea ni mbunifu wa mfumo, na jina langu limo. Vituo vyote sita vimejibu kwamba vimeona. Kwa hiyo nikaamua kuja mwenyewe.

Juzi nilikwenda chumbani kwake, nikafunga mlango, nikamwomba radhi. Alikuwa akipanga vitu vyake kwenye boksi, wala hakuacha kupanga.

"Mwanangu," akasema, "mimi unaniambia nini? Mimi nilikuwepo. Waambie ambao hawakuwepo."

Waheshimiwa, ninyi ndio hamkuwepo. Fundi yule yuko hai kwa sababu mama huyu aliinuka, nami nikamwandikia onyo kwa kuinuka kwake. Mama, nisamehe.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio hadi hapa. Asanteni.