Kwa Nini Melchior Alimpeleka Mkewe Jangwani

Benchi letu liko Cabramatta, mbele ya duka la mama mmoja wa Kivietinamu anayewauzia Waafrika wanaoishi magharibi mwa Sydney mihogo, ndizi mbichi na matembele. Benchi ni la halmashauri, lakini jaribu kulikalia Jumamosi asubuhi uone utakavyotazamwa. Hapo hupitia wanaume waliotoka shifti ya usiku kwenye maghala ya Wetherill Park, pamoja na wale wanaojifanya wametumwa mihogo. Kahawa ya tangawizi huileta Katembo, Mkongo wa Butembo. Kwa kuwa kazi yake ni kuogesha wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, tunamwita Dokta, na yeye hakatai. Rénovat, Mrundi, ni Pasta Bila Kanisa: anahubiri juu ya forklifti, na methali zake huzishusha popote penye nafasi. Wa tatu ni Masumbuko wa Uvira, jina la kijiweni Konteina, kwa sababu anashusha makontena na kwa sababu akijifunga hafunguki. Mimi ni Mtanzania pekee, mtu wa Kasulu, na nimejipa kazi ya kurekebisha Kiswahili chao. Mpaka leo hawajanishukuru.

Jumamosi hiyo ya Agosti baridi ilikuwa ya kukata masikio, na Konteina alikuwa na kesi. Mkewe, Léonie, alimtaka arudi nyumbani na jibu kabla ya saa sita mchana, maana msimamizi wake kazini alikuwa anafunga rosta ya likizo. Swali lilikuwa moja: waende jangwani wote wawili, au aende peke yake? Waliosababisha ni Melchior na mkewe Anésie, Warundi wa kanisani kwetu, waliotoka kupanda ndege hadi katikati ya nchi hii, wakazunguka makorongo mekundu kwa miguu, wakamalizia mapumziko mjini Alice Springs. Picha wakazitupa kwenye wasapu ya kanisa. Tangu hapo hakuna mume aliyelala kwa amani.

Konteina: Miye nilitembea toka Uvira paka Fizi, mtoto kwa bega, vita nyuma yangu. Leo nipande ndege juu ya kwenda kutembea tena? Tena kwa majiwe? Miguu yangu ilishamaliza kazi.

Dokta: Na Melchior alitembea toka Makamba hadi kambi ya wakimbizi Mtabila. Mbona yeye amerudia?

Pasta: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mimi: Mkuu gani hapo, Pasta?

Pasta: Korongo. Ukilidharau, guu.

Dokta akatoa simu, akaifungua picha ya kwanza. Anésie amesimama juu ya jabali jekundu, nyuma yake korongo limeshuka mpaka unaogopa kwa niaba yake. Wazungu waliopita pembeni wamebeba chupa za maji na vijiti vya kutembelea. Anésie mgongoni amefungia sufuria kwa kitenge.

Konteina: Muone sufuria! Hii njo vakansi?

Mimi: Sema likizo. Na hapo hamna ajabu. Mtu aliyewahi kukimbia hawezi kwenda mbali kwa miguu bila sufuria. Mwili wenyewe unakataa kutoka mlangoni.

Dokta: Hapana, mzee. Hapo kuna matibabu. Kifua cha Melchior kimejaa vumbi la ghala. Hewa ya jangwa ni kavu, inakausha mapafu. Sufuria ni ya kujifukizia.

Pasta: Matibabu gani? Huo ni wito. Manabii wote wakubwa walipelekwa jangwani kwanza. Subirini, Melchior anarudi kufungua kanisa.

Dokta: Na sufuria?

Pasta: Ya sadaka.

Nikaona wananichezea. Nikawaambia ukweli wanaouogopa: dhahabu. Melchior ana wajomba waliokuwa wakiosha mchanga wa dhahabu mtoni, kazi iko damuni. Kule ardhi ni nyekundu, watu ni wachache, na sufuria ni chombo kamili cha kuchekechea mchanga. Nilisema kwa uhakika mkubwa, kwa kuwa nilikuwa nimelifikiria jambo hilo tangu nilipoanza kulisema.

Konteina: Dhahabu kwa njia yenye ubao wa serikali na askari wa mbuga?

Pasta: Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Dokta: Amepanda juu, Pasta. Hajainama popote.

Pasta: Kupanda korongo ni kuinama kwa upande wa pili.

Dokta: Mimi nawaambia, kama si mapafu basi hao wamekimbia michango ya kamati ya harusi. Mtoto wa Arnaud wa kanisani anaoa mwezi ujao. Watu wanakimbilia hadi jangwani.

Mimi: Au wanafanya mazoezi ya kurudi Burundi kwa miguu.

Pasta: Na bahari?

Mimi: Ndiyo maana wamebeba sufuria. Inaelea.

Kwa kweli kesi ilikuwa inakwenda vizuri. Kila mmoja alikuwa amempa Konteina sababu ya kukataa, naye alikuwa anazipokea kwa kichwa, moja moja. Angerudi nyumbani na mzigo kamili: mapafu, manabii, dhahabu, harusi. Kisha Dokta akasogeza kidole ikaja picha ya pili.

Hiyo ilipigwa mjini, Alice Springs. Melchior na Anésie wamekaa kwenye benchi, chipsi mapajani. Anésie ameinama mpaka paji la uso linakaribia magoti, anacheka. Melchior amefumba macho, mdomo wazi, meno yote nje. Hakuna mtu mwingine karibu yao. Tunamjua Melchior kwa miaka mingi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyaona meno yake ya nyuma.

Dokta: Wanacheka nini?

Pasta: Pepo. Kuna pepo la kicheko, linakaa sehemu kavu.

Mimi: Kuna mtu ameanguka.

Dokta: Nani? Hamna mtu.

Mimi: Ndiyo ameanguka, utamwonaje?

Konteina aliichukua simu ya Dokta, akaisogeza karibu na macho, akakaa nayo.

Hapo ndipo alipofika dada mmoja, begi mgongoni, akauliza kama mwisho wa benchi una mtu. Jina lake Chepngetich, Mkenya, anasomea unesi kule Kensington, na alikuwa amekuja kwa treni kununua mboga kwa ajili ya wenzake anaoishi nao. Mama wa duka alimwambia matembele bado yako kwenye lori, asubiri. Akakaa. Dokta akammiminia kahawa, dada akaishika kwa mikono miwili akapuliza, na jicho likaangukia simu.

Chepngetich: Wah! Hawa ni kina nani wanafurahi hivi?

Tulimweleza sote wanne kwa pamoja. Alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, hata ile ya sufuria kuelea.

Chepngetich: Na si mngewauliza tu?

Tulicheka sana.

Pasta: Binti yangu, kijiwe hakiulizi. Kijiwe kinajua.

Chepngetich: Haya. Na wewe mzee, ni nini inakukataza kuenda?

Konteina: Miguu.

Chepngetich: Miguu si unashushia nayo makontena?

Konteina: Na baridi. Melchior aliandika kwa wasapu, maji iliganda kwa chupa, usiku.

Chepngetich: Mchana je?

Konteina: Mchana... jua ni ya muzuri. Lakini nyoka.

Chepngetich: Saa hii ya baridi nyoka wamelala, mzee wangu.

Hakuwa anamshambulia. Alikuwa anauliza huku akipuliza kahawa, anangoja mboga zake. Labda ndiyo sababu Konteina, ambaye mke wake mwenyewe humfungua kwa taabu, alifunguka mbele ya mgeni.

Konteina: Dada, ile njia ni masaa matatu, na zaidi ukitembea pole. Watu wawili. Hakuna televisheni. Hakuna mtoto wa kusema baba amefanya, mama amefanya. Bénie wetu alipohamia Brisbane, nyumba ikabaki ya weye na miye. Miye natoka kazi, yeye anaingia. Tunapishana kwa mlango. 'Chakula iko kwa friji.' 'Asante.' Miaka mingi, njo maisha yetu, na si mabaya, hatugombane. Sasa masaa matatu nitamwambia nini? Léonie atageuka, atanitazama, atangoja niseme. Nikikosa la kusema atajua.

Dokta: Atajua nini, Baba Bénie?

Konteina: Atajua ndani hamna mtu.

Niliona uchungu. Nimemjua mzee huyu kwa ubishi na kwa kubeba vitu vizito, na sikujua kwamba hiki ndicho alichokuwa anakuja kukaa nacho hapa kila Jumamosi. Nilitaka kumshika bega. Nikamimina kahawa badala yake.

Chepngetich alitutazama kuanzia Dokta mpaka kwangu, akauliza kama mtu anayeuliza njia ya kituo cha basi.

Chepngetich: Kwani nyinyi wazee, mkiwa na mabibi zenu, wawili tu, mnaongeanga nini?

Pasta: Tunaomba.

Chepngetich: Kabla ya kuomba?

Pasta: Tunafunga milango.

Dokta: Mimi na mke wangu tunaongea sana. Rosta. Bili ya umeme. Watoto, nani amechelewa kurudi, nani amekataa ugali.

Chepngetich: Na hayo yakiisha?

Dokta: Hayaishi.

Chepngetich: Yakiisha?

Dokta akafungua kifuniko cha chupa ya chai, akachungulia, akafunga tena. Kahawa ilikuwa imekwisha. Dada akanigeukia mimi, na mimi ninayerekebisha Kiswahili cha kila mtu nikakosa hata neno bovu. Nilijaribu kumkumbuka mke wangu akisema kitu ambacho hakikuwa cha nyumba, cha watoto wala cha kazi. Nilikumbuka kimoja, cha zamani sana, tulipokuwa bado hatujaoana.

Mama wa duka akaita kuwa matembele yameshuka. Chepngetich akarudisha kikombe, akashukuru kwa kahawa, akaingia ndani kuchagua mafungu yake. Benchi likabaki na sisi wanne.

Pasta: Haba na haba...

Hakuimalizia. Mara ya kwanza tangu nimjue.

Konteina akatoa simu yake mwenyewe. Masikio yake yameharibiwa na mashine, kwa hiyo simu zake zote huongea kwa sauti kubwa, na sisi huwa tunasikia hata tusiyotakiwa. Akabonyeza. Léonie akapokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

— Baba Bénie? Nani amekufa?

— Hapana. Hakuna mtu amekufa.

— Umeumia? Uko hospitali?

— Niko hapa tu, Cabramatta.

— Sasa unapiga juu ya nini?

Konteina akatutazama mmoja mmoja. Hakuna aliyemsaidia.

— Nakupigia tu.

Tukasikia kiti kikivutwa, na mtu akiketi.

— Haya, akasema Léonie, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Nasikia.

Konteina akatafuta la kusema. Alitazama juu, akatazama mihogo ya mama, akamtazama dereva aliyekuwa anashindwa kuegesha gari. Tulimwona akitafuta na tulimwombea, kila mtu kwa namna yake.

— Huku kuna baridi, akasema.

Nyumba yao iko ng'ambo ya reli. Ukipaza sauti kidogo pale kijiweni, Léonie anakusikia.

— Hata huku, akasema Léonie. Ulivaa koti?

— Nilivaa.

— Koti gani?

Konteina akajitazama kifuani, akaanza kumweleza.