Velichka na Mgombea Aliyeliliwa Akiwa Hai

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Velichka Radenkova, msanifu wa michoro wa kiwanda chetu cha uchapaji hapa Dolna Krusha, atazima taa ya meza yake na kwenda zake nyumbani baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Mkurugenzi ameniagiza mimi, Gencho wa mashine ya ofseti, niandike wasifu huu, kwanza kwa sababu nimekuwa naye miaka yote hiyo, pili kwa sababu wengine humu wakiandika unasinzia. Shule niliiacha mapema, sikatai. Lakini nimefika Vienna, nimefika Istanbul, na nimelala mara mbili kituo cha treni cha Bukaresti, na mtu aliyelala pale mara mbili hana mtihani uliobaki.

Velichka alitujia kutoka chuo cha sanaa cha mji mkuu, Sofia, nywele fupi, viatu vyekundu, na mkoba bapa mpana kama mlango, umejaa mabango ya Wapolandi na Waswisi. Aliyatundika ukutani juu ya meza yake, akatutangazia kwamba uzuri ni kuondoa, kuondoa, kuondoa. Tukanywea. Tulidhani ametumwa kupunguza wafanyakazi.

Kazi aliyoikuta haikuhitaji Waswisi. Mkate wa kiwanda hiki tangu enzi za babu zetu ni tanzia. Kwetu mtu akifa, uso wake hubandikwa kwenye lango la nyumba yake, kwenye nguzo ya umeme, kwenye kituo cha basi. Siku arobaini zikitimia hubandikwa tena, miezi sita tena, mwaka tena, na wapo wajane ambao hata baada ya miaka ishirini hawajachoka. Fremu nyeusi, picha, jina, maneno mawili ya huzuni. Velichka akapewa hizo, na kila asubuhi alikuwa na marehemu kadhaa mezani kabla hajaonja kahawa.

"Gencho, miaka mitano chuoni ili niwavishe wafu fremu?"

"Angalau mteja halalamiki," nikamjibu.

"Na mjane wake je?"

Hapo alinishika. Ni mara chache sana mtu hunishika.

Akiwa na miaka miwili kazini, ukaja uchaguzi wa meya, wa kwanza wenye wagombea wa kweli, na mji ukapata wazimu. Nayden Bakalov, daktari wa mifugo, mtu mwema lakini mkimya kama wagonjwa wake, akaja kuagiza mabango. Bosi wetu wakati ule alikuwa Spas Kolev, mwenye sauti ya tarumbeta na moyo wa sungura. Akamwita Velichka mbele yetu sote.

"Binti yangu, ulilia unataka mabango, haya hapa mabango. Nayden akishinda, nakufungulia idara yako, na tanzia atapewa mwingine. Akishindwa kwa ajili ya Waswisi wako, chukua viatu vyako urudi Sofia!"

Na Sofia hapakuwa na pa kurudi. Chumba alishakiachia, na ndiyo kwanza alikuwa ameolewa na mwalimu wa muziki wa hapa hapa. Kazi hii ikimponyoka, hakuna nyingine ya kuchora kuanzia hapa hadi ng'ambo ya mlima.

Wagombea wengine walikuwa na mabango yenye bendera, mawaridi, na meno, meno mengi kuliko yanayotosha kinywani mwa mtu mmoja. Velichka akaondoa. Akaondoa rangi. Akaondoa tabasamu. Ikabaki picha ya Nayden nyeusi na nyeupe, anakutazama machoni, weupe mwingi pembeni, jina kwa herufi kubwa tulivu, mstari mmoja mweusi kuzunguka, na chini maneno: "Yuko nasi daima."

Uchapaji, naomba ieleweke, ulikuwa wa daraja la kwanza. Weusi ule wa wino hata Vienna sijauona. Na kiwandani hakuna aliyeshtuka, maana sisi na fremu nyeusi ni kama mwokaji na unga: ukishajaa nguoni huuoni tena.

Yalibandikwa Jumamosi jioni. Jumapili asubuhi Nevyana, mke wa Nayden, akasikia kengele ya mlango. Kufungua, majirani wamesimama na bakuli la ngano ya kuchemsha iliyonyunyiziwa sukari, ile ya kumwombea marehemu, na maua sita, maana kwetu maua ya jozi ni ya kaburini.

"Pole, Nevyana mwanangu," akasema bibi wa nyumba ya tatu, machozi yanamtiririka. "Alikuwa dhahabu, sio mtu. Alimwokoa punda wangu."

"Nani alikuwa?"

"Nayden, maskini! Imetokea lini?"

Nayden akachungulia kutoka bafuni, povu la sabuni shavuni. "Imetokea lini nini?"

Bakuli likaanguka. Bibi akapiga ishara ya msalaba mara tatu, kisha akamgeukia kwa hasira: "Wewe! Huna haya? Nakulilia tangu alfajiri!"

Hadi saa sita mchana mji mzima ulishaomboleza. Kasisi alishauliza mazishi ni lini. Jumatatu Spas akaingia karakana mbio, bango mkononi.

"Velichka! Umemzika mteja!"

Tukaliangalia bango lile kwa mara ya kwanza kama watu wa nje, na kweli, marehemu mtupu. Velichka alikuwa mweupe kuliko karatasi. Karatasi nyingine haikuwapo, na kura zilikuwa Jumapili ile inayofuata. Wote tulijua maana yake: viatu vyekundu vinarudi Sofia.

Hakulia. Alivaa koti, akanikamata mkono, tukaenda kwa Nayden. Mimi nilitangulia, kwa kuwa nina mwili wa kupokea makonde.

"Bwana Nayden, nimekuua," akasema. "Twende nikakufufue."

"Kwanza nitayabandua yote," Nayden akasema.

"Usiguse hata moja. Simama kando yake, usalimie watu."

Basi wiki ile nzima yule bwana mkimya akazunguka mji akisimama kando ya tanzia yake mwenyewe. Watu walipiga yowe, wakamfinya mashavu, wakacheka hadi kuchuchumaa, wakamvuta ndani kumnywesha rakia, pombe yetu kali ya matunda, ya kusherehekea kufufuka. Mtu ambaye kwa hiari yake asingegonga mlango hata wa dada yake aliingia kila nyumba. Lakini la kushinda yote ni hili. Kwetu marehemu husemwa kwa mema tu, na Nayden alikuwa ameshasemwa. Mwokaji mikate, aliyenuniana naye miaka kumi kwa ajili ya ndama, alikuwa ametangaza mbele ya foleni nzima kwamba mji umempoteza mtakatifu. Maneno yale angeyameza vipi, na foleni ileile inarudi kila asubuhi kununua mkate?

Nayden alishinda kwa mbali. Mgombea wa meno alilalamika hadi akafa, Mungu amrehemu: "Mtu hai unaweza kumshinda. Marehemu utamwambia nini?"

Spas, kwa heshima yake, alitimiza ahadi. Alimkabidhi Velichka idara ya mabango na meza mpya. Na Velichka akatushangaza. Alisema mabango atachora, sawa, lakini tanzia asipewe mtu mwingine.

"Zile zile ulizolia ukitaka kuziepuka?" Spas akauliza.

"Nimesimama barabarani wiki nzima, bosi. Mbele ya meno hakuna aliyegeuza shingo. Mbele ya fremu nyeusi kila mtu alisimama, akavua kofia, akasoma hadi neno la mwisho. Sofia nzima wanatafuta karatasi ambayo mtu atasimama kuisoma. Ninyi mnayo, na mnaitengeneza kama risiti ya maji!"

Tangu hapo hakuna tanzia iliyotoka humu kabla hajakaa na familia na kunywa kahawa yao, hata ile mbaya. Mfuga nyuki alipata ukingo wa masega membamba, mpaka ukikaribia ndipo unayaona. Fundi cherehani alizungushiwa mshono. Msanii wangu huyu alisema walimu wake wakubwa ni watatu: Waswisi, mazulia ya bibi yake, na kibao cha duka la mikate la zamani kilichoandikwa na mtu asiyejua kanuni hata moja. Alichora pia lebo za asali, vyeti vya shule, na bango la tamasha la zumari za zurna lililopata tuzo mjini Plovdiv. Nilimsindikiza kuipokea. Waliocheza nami dansi pale bado wananitafuta.

Kuhusu kazi yake alikuwa na misimamo. Mteja akisema "kuza jina langu", anaogopa, mpe kwanza kiti. Nafasi tupu si uvivu, ni heshima. Majuzi vijana wa kompyuta walimwonyesha programu inayotengeneza tanzia yenyewe kwa dakika moja. Aliitazama kwa makini, maana si mtu wa kudharau.

"Imetoka vizuri," akasema. "Ila haikuuliza alikuwa anacheka vipi."

Habari za kustaafu kwake zilipotoka, wazee wakaanza kujipanga kwenye korido yetu, kila mmoja na picha yake mfukoni. Wa kwanza alikuwa Bibi Tota, mwenye umri unaokaribia karne, na picha ya siku aliyokuwa na miaka ishirini.

"Unastaafu wewe, na mimi je?"

"Kuna vijana wazuri, Bibi."

"Watanifanya mnene! Nichore sasa hivi."

"Siwachori walio hai. Nilishajaribu."

Bibi Tota akairudisha picha mfukoni, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja. "Basi mimi sifi," akasema, akatoka koridoni kuwatangazia wenzake. Wakakubaliana wote, wakaenda kunywa kahawa.

Velichka, kiwanda kinakushukuru kwa jicho lako, ukali wako, na kila familia uliyoketi nayo. Mimi binafsi nakushukuru kwa kunivumilia, ingawa haikuwa kazi ngumu. Nenda kapande nyanya zako, msikilize mume wako na akodioni yake, ulale mpaka jua likufuate kitandani. Tunakutakia maisha mema na marefu mno. Mkurugenzi anahofia biashara ya tanzia itakwama, lakini sisi wengine tunazo nyuso za watu wetu mezani wakati wa chakula, na hatuna haraka ya kuziona langoni.