Spika Nne za Inchi Kumi

Benchi letu liko kwenye kibaraza cha Fundi Risasi, mtengeneza redio, na linachukua watu wanne kwa kubanana. Mimi mshona viatu hukaa karibu na mlango. Anayefuata ni Kipenga, aliyekuwa refa wa mpira na mpaka leo hutoa hukumu hata asipoulizwa. Kisha Dada Birika, mwenye kahawa. Nafasi ya pembeni ilikuwa ya marehemu Ridhimu, mpiga gitaa. Ni miezi mitatu tangu tumzike. Hakuna aliyekatazwa kukaa hapo, ila hakuna aliyekaa.

Alasiri hiyo mdogo wake, tunayemwita Solo, alikuja na gitaa mgongoni, akisukuma mkokoteni wenye maboksi mawili ya spika. Moja lilikuwa lake, lenye spika moja ya inchi kumi na mbili. La pili la kaka yake, spika nne za inchi kumi. Ndugu hawa walipiga pamoja miaka kumi na moja, na miaka yote hiyo waligombania maboksi haya. Solo alisema spika moja kubwa inatosha, sauti inatoka nzito na imenyooka. Kaka yake alisema spika moja ni mtu, spika nne ni watu. Mara ya mwisho walibishana hadi wakanuniana, na Ridhimu akafia usingizini kabla hawajasemezana. Tangu hapo Solo hakugusa gitaa, na bendi ilikuwa imeanza kumtafutia mrithi.

— Fundi, nataka kujua nani alikuwa sawa, alisema. Nikijua, labda mikono itafunguka.

Fundi alimwambia hakuna aliyekosea. Spika kubwa husukuma hewa nyingi, besi ikajaa. Ndogo hushtuka upesi, sauti ikang'ata. Ila zikiwa nne, sauti zake hazifiki sikioni pamoja. Mahali pengine zinasaidiana, mahali pengine zinauana. Ukihama hatua moja, unasikia gitaa jingine.

— Wahenga walishasema, akadakia Kipenga. Fahali wawili hawakai zizi moja. Ndiyo maana zikawekwa nne.

Tulicheka, hata Solo. Fundi akachomeka ampu, ile mashine ya kukuza sauti, kwenye boksi la spika moja, na Solo akajilazimisha kupiga kidogo. Sote tulisikia kitu kilekile. Fundi akahamishia waya kwenye boksi la marehemu, Solo akapiga tena, na hapo ubishi ukaanza. Mimi nilisikia gitaa kali, la kukwaruza. Kipenga akaapa ni besi tupu. Dada Birika alisema tunabishana bure, tubadilishane nafasi tupime. Akainuka na birika lake, akakaa pale pembeni bila kufikiri.

Solo alipoendelea kupiga, akaliweka birika chini taratibu.

— Magitaa ni mawili, alisema.

Kipenga akaenda kukaa, akarudi bila hukumu yoyote. Nikaenda mimi. Nilimsikia Solo, na chini yake gitaa la pili, likishika mwendo kwa upole, likichelewa kidogo kwenye kila pigo la nne. Ridhimu alikuwa na tabia hiyo ya kuchelewa.

Fundi alisema ni mwangwi wa ukuta wa ng'ambo. Kipenga akamwuliza mwangwi gani unapiga nyuzi ambazo mwenye gitaa hakuzigusa. Kwa maoni yake, uso wa spika ni karatasi, na karatasi iliyotetemeshwa miaka kumi na moja lazima ina kilichoandikwa. Dada Birika alikataa. Si karatasi, ni ile sumaku ya nyuma. Sumaku ikishakamata chake haiachii. Nami nikajikuta nasema kwamba pale sauti zinapouana panabaki nafasi, na nafasi tupu haikosi mpangaji. Niliposikia maneno yangu mwenyewe, nilitamani kuyarudisha.

Solo alikuwa amesimama kando ya mkokoteni, mbali na benchi. Hakuomba kukaa pale. Aliuliza tu:

— Linapiga wimbo gani?

— Wako, nikamjibu. Linakufuata.

Fundi alikasirika, kama mtu anayeona kazi yake inaibiwa na uchawi. Akafungua mgongo wa boksi, akatoa spika moja, akapanga waya upya ili ampu isiungue, akamwambia Solo apige. Zikabaki tatu, kisha mbili, kisha moja. Kila mara gitaa la Solo lilipungua, likawa jembamba, likawa kama redio ya jirani. Mimi nilikuwa nimekaa pale pembeni, na ilibidi niwaambie ukweli. Lile la pili halikupungua. Kwenye spika ya mwisho magitaa yote mawili yalisikika kwa nguvu sawa.

Solo akaacha kupiga, akaketi juu ya mkokoteni. Fundi akachomoa plagi ya ampu ukutani. Nilishanyanyuka, na hakuna aliyetaka kurudi pale kuhakikisha. Dada Birika alijaribu kutumiminia kahawa, yakatoka machicha.

Ndipo akaja mama mmoja muuguzi, bado na sare ya kazi, mgeni mtaani, kufuata redio yake. Alitusalimu vizuri, akamwangalia Solo na lile gitaa mapajani.

— Samahani kaka, alisema. Nimewasikia tangu kule kona. Mbona wewe umeacha na mwenzako bado anapiga?

Fundi aliitazama plagi mkononi mwake. Yule mama akatutazama mmoja mmoja, akidhani amekosea adabu.

Solo aliinuka, akaja kukaa pale pembeni. Alisikiliza kwa muda mrefu, kichwa kimeinama, na hakutuambia anasikia nini. Kisha akalipakata gitaa, bila waya wowote, akaanza kupiga polepole. Kila baada ya mstari alinyamaza kidogo, kama mtu anayempisha mwenziwe aseme.