Picha ya Mbok Sarinten: Risala ya Wauza Jamu wa Kalimanggar

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Mkuu wa Kijiji. Waheshimiwa wa kampuni ya pakiti. Muuguzi wetu wa kituo cha afya. Pak Karsidi na wanao. Mabibi na mabwana: amani iwe juu yenu nyote.

UKARIBISHO

Sisi wanawake wa Kikundi cha Wauza Jamu wa Kalimanggar tunakukaribisha kwa mikono miwili. Habari ya barabara yetu hatutaisoma leo, maana mgongo wako umeshakusomea njiani. Umekuja kuzindua pakiti ya jamu ya kisukari, dawa yetu ya mitishamba ya kunywa, yenye jina la kijiji chetu na sura ya mwenzetu, marehemu Mbok Sarinten. Kuja kwako kumetufurahisha. Kuhusu hiyo pakiti tunakuomba, mheshimiwa, utusikilize mpaka mwisho, kwani risala huwa zinaharakishwa na jambo letu tumelazimika kuliweka kuelekea mwisho.

HISTORIA YETU

Kazi hii tumeirithi kwa mama zetu. Kabla jua halijatoka tunachemsha mizizi na majani, tunachuja, tunatia kwenye chupa, tunafunga kikapu mgongoni kwa kitambaa, kisha tunapita nyumba kwa nyumba. Mwenye uchovu tunampa manjano, mwenye mafua tunampa tangawizi, na mwenye kisukari tunampa brotowali, mmea mchungu ambao hata mbuzi anaupita.

Katika brotowali hakuna aliyemfikia Mbok Sarinten. Alipokuwa akichemsha, majirani walifunga madirisha. Wateja walimtania: "Mbok, hii umechemsha mizizi au umechemsha mawifi?" Naye alijibu huku akimimina: "Kunywa, baba. Mawifi zangu wangekuwa na faida kama hii, ningewachemsha zamani."

Kila baada ya kikombe kichungu, desturi yetu ni kumpa mteja kikombe kidogo kitamu cha ukwaju na sukari ya mnazi, asuuze kinywa. Hicho hakiuzwi. Kumwacha mtu aondoke na uchungu mdomoni kwetu ni kukosa adabu. Kwa miaka mingi tuliwapa hicho kikombe hata wagonjwa wa kisukari, nao walikinywa kwa amani, maana kila mtu hapa anajua kwamba uchungu huua utamu. Ni muuguzi aliyetuuliza siku moja, kwa upole kuliko tulivyostahili, kama huwa tunazima moto kwa mkono mmoja na kuchochea kwa mwingine. Mbok Sarinten ndiye aliyekuwa wa kwanza kubadilisha. Wenye kisukari akawapa maji ya uvuguvugu. Walinung'unika mno.

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Siku moja jamu yake ilichacha kwa joto, naye hakuimwaga tu na kunyamaza. Alirudi kwenye kila nyumba aliyouza asubuhi akawaambia wasinywe. Neno lake na kilichomo chupani vilikuwa kitu kimoja, na kwa sababu hiyo watu walimwamini.

Yeye mwenyewe alikuwa na kisukari, na mumewe Pak Karsidi pia anacho. Asubuhi walikunywa brotowali, na baada ya chakula walimeza vidonge vya kituo cha afya. Muuguzi alijua, maana Mbok hakumficha, na alikuwa akimpima damu mara kwa mara sukari isije ikashuka kupita kiasi. Waliishi hivyo miaka mingi, wamezeeka pamoja, wakigombania mto mmoja mzuri wa kulalia.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu makubwa ni kwamba mjini wametujua. Kampuni ilikuja, ikaonja, ikakunja uso, ikasema huu ndio uchungu iliokuwa ikiutafuta. Ikatujengea banda la kukaushia na ikatupa jiko linalochemsha bila moshi. Kwa hayo tunashukuru kwa dhati, na wanaokohoa kati yetu wamepungua.

Ikataka pia picha ya mtu wa kuweka kwenye pakiti, na sote tulimsukuma Mbok Sarinten mbele. Alipigwa picha akiwa amevaa kebaya, blauzi ya sherehe aliyoivaa harusini kwa binti yake. Chini ya picha yake pakaandikwa jina lake na maneno haya: "Kisukari changu kimekwisha. Sinywi kidonge hata kimoja."

Alipoletewa mfano wa pakiti alimwomba mjukuu wake amsomee. Akamwomba amsomee tena. Kisha akamwambia yule bwana wa kampuni kwamba hayo si kweli, kwani vidonge yeye anameza. Yule bwana alicheka vizuri tu, akasema hayo ni maneno ya biashara, kila mtu anaelewa, na kazi ya kupanga maandishi imeshafanyika. Sisi tuliokuwepo tulimwambia Mbok asilete shida. Tulikuwa tunaona banda na jiko.

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, tuliambiwa changamoto ziwe tatu. Tunayo moja.

Mbok Sarinten hakuweza kuyaondoa maneno kwenye pakiti, kwa hiyo aliamua kuyafanya yawe kweli. Aliacha vidonge, na kwa muuguzi hakwenda tena kupimwa. Hakutuambia sisi wala muuguzi, alimwambia mumewe peke yake, naye alipombishia alimjibu: "Karsidi, uso wangu unakwenda kwa watu nisiowajua. Nisiuze uongo uzeeni." Akazidisha kikombe cha brotowali, akaomba Mungu, akaendelea na kazi.

Tungeweza kuona. Alianza kunywa maji kama mtu aliyetoka kulima, na usiku alikuwa akitoka nje mara kwa mara. Akakonda. Hapo ndipo aibu yetu ilipo, mheshimiwa, kwa sababu tulimsifu. Kila aliyekutana naye alimwambia amependeza, amerudi usichana, kweli dawa inafanya kazi. Kampuni ilifurahi hata ikamletea mpiga picha mara ya pili. Picha iliyopo kwenye pakiti ni hiyo ya pili. Ukiitazama utaona shavu lililochongeka na macho makubwa, na ukiwa hujui utasema huyu mama amepona.

Akajikwaa jiwe, kidole kikachubuka, na kidonda kikagoma kupona. Alikifunga kitambaa akavaa viatu vya kufunika. Siku alipoanguka sokoni tulimpeleka hospitali ya mjini, na daktari akamuuliza ni dawa gani anatumia. Alikuwa bado ana fahamu. Alisema, "Sinywi kidonge hata kimoja," na hapo ndipo tuliosimama pale tulipoelewa, wote kwa pamoja, kwamba maneno ya pakiti alikuwa ameyafanya kweli muda wote. Hakurudi nyumbani akiwa hai. Alikuwa mama yetu katika kazi hii na tunamlilia mpaka leo.

Haikuishia hapo. Kwenye kisomo cha arobaini yake kila aliyekuja kumwombea alipewa kiboksi cha wali na kuku apeleke nyumbani, kama ilivyo ada. Kampuni, kwa nia njema tunaamini, ilileta zawadi ya rambirambi: pakiti moja ndani ya kila kiboksi. Kwa hiyo watu walitoka msibani wakiwa na sura ya marehemu inayowaambia kwamba kisukari chake kimekwisha. Wengine wana sukari. Muuguzi yupo hapa na anaweza kukwambia ni viti vingapi vimekuwa vitupu kwake siku za kupima. Tulipowauliza hao walioacha kwenda, mmoja alisema Mbok Sarinten hakuwahi kumdanganya hata siku moja.

Na yupo Pak Karsidi. Tumemwomba ruhusa ya kumtaja, akafikiri sana, akasema: "Nitajeni. Ila msiseme jamu ya mwenzangu ilikuwa mbaya." Yeye naye ameacha vidonge vyake tangu mazishi. Tumekwenda kwake mmoja mmoja, tumekwenda kwa pamoja, binti yake amelia mbele yake. Anasema akivimeza itakuwa kama anamwambia mkewe kaburini kwamba alikosea. Kila asubuhi anachemsha brotowali ile aliyoikausha marehemu kwa mikono yake, na anakonda.

Pak Karsidi, mbele ya mgeni rasmi tunakuambia: hatusemi ilikuwa mbaya. Ilikuwa safi, na tunaiuza bado. Huenda inashusha sukari kidogo, huenda haishushi, huenda kwa mwingine inadhuru ini kama muuguzi anavyohofia. Hatujui, kwa sababu hakuna aliyetupimia. Na neno "hatujui" halimo kwenye pakiti. Aliyekosea siye mkeo.

MAOMBI

Mheshimiwa, tunaomba wagonjwa wa kisukari wapimwe damu hapa kijijini kila wiki, wasilazimike kwenda mpaka kituo cha afya, na wanaokunywa jamu waweze kusema bila kugombezwa. Anayegombezwa huficha.

Tunaomba pia jamu yetu ichukuliwe ikapimwe na watu wasio na pakiti ya kuuza, na majibu yaletwe kwetu yalivyo. Tumezoea vitu vichungu.

Na tunaomba pakiti hii isizinduliwe leo ikiwa na maneno yale. Yafutwe. Mkihitaji sura, zipo nyingi hapa, ingawa kwa sasa hakuna anayejitolea.

Tumeshaambiwa, hata kabla ya kufika hapa, kwamba pakiti zimechapwa zote na ziko ghalani, na kwamba kuzichapa upya haiwezekani. Ikiwa ndivyo, hatutabishana na wakubwa. Tunaomba kitu kidogo tu: tunaomba kalamu za wino usiofutika. Tutakaa humu ukumbini, tutafungua maboksi, na juu ya jina lake tutaandika kwa mkono, pakiti moja baada ya nyingine, neno moja: Marehemu. Anayejua kusoma atasoma, na asiyejua atamuuliza jirani. Mikono tunayo na wino ukiisha tutaomba mwingine.

Pak Karsidi amesema ya kwanza ataiandika yeye.

Mungu akurudishe salama kwa watu wako, akupe afya ya damu na ya moyo, na amlaze mwenzetu pahali palipo na kivuli.

Ni sisi wako,
Kikundi cha Wauza Jamu wa Kalimanggar.
Imesomwa kwa niaba yao na Wartinah.